Nukta ya Arobaini na Moja

Kwenye simu yangu zipo nukta arobaini za buluu:
majike wa kulungu wa theluji, kila mmoja na mkanda wake shingoni.
Ya arobaini na moja ni nyekundu.
Hiyo ni baba.

Torunn, muuguzi wa wilaya, alikileta kifaa ndani ya boksi jeupe
pamoja na fomu.
Mgonjwa ana tabia ya kuzurura? Weka tiki.
Niliweka. Kalamu ilikwama kidogo karatasini,
maana baba hazururi.
Baba anahama.

Ni mwezi wa tano. Jua linagusa kilima, linaghairi kuzama.
Theluji inalainika mchana, usiku inakaza,
na kwa miaka sitini mwili wake umefunzwa
kwamba theluji ikikaza, watu na wanyama huondoka
kuelekea pwani, wakazalie huko.
Akili imesahau jina la mama.
Miguu haijasahau kitu.
Majirani wanasema ana kiguu na njia.
Acha waseme.

Betri hudumu siku mbili. Jioni namvua ile saa
(namwambia ni saa, ingawa haisomi saa)
naichomeka kwenye chaji karibu na birika,
na kwa dakika hamsini baba yangu hayupo popote duniani
ingawa amekaa mbele yangu, anakula samaki,
anatoa miba mmoja mmoja
na kuipanga ukingoni mwa sahani kama nguzo za zizi.

Usiku wa tarehe kumi na tisa simu ililia.
Nukta nyekundu imevuka mto.
Imevuka! Na barafu ya mto imeshaanza kuoza.
Nikamwamsha Jovnna, tukawasha pikipiki ya theluji,
mimi nyuma, simu mkononi, kidole kinakufa ganzi.
Kilomita nne. Saba. Kumi na moja.
Inakwenda kaskazini, haisiti, haitafuti njia,
nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuona fahari:
mzee wa miaka themanini na miwili,
tazama anavyotembea.

Tulimkuta nyuma ya mawe, amesimama, anatutazama,
pumzi nyeupe, tumbo zito la ndama:
yule jike mweupe ambaye baba alimlea kwa chupa,
tuliyemfunga juzi nyuma ya nyumba.
Shingoni, kwa fundo nililofundishwa nikiwa na miaka mitano,
saa ya baba.

Jovnna alicheka. Nikacheka.
Kisha hakuna aliyecheka.
Kama huyu yuko hapa, yule yuko wapi?

Hatukukumbuka hata kuifungua.
Kurudi kulikuwa kilomita zilezile kumi na moja
na kila jiwe njiani lilikuwa mtu aliyejikunja.

Alikuwa kwenye banda la kuni,
hatua kumi kutoka mlangoni petu,
amekalia ngozi, koti limefungwa vifungo vyote,
furushi miguuni: kisu, kahawa,
na soksi zangu za utotoni, pea moja.
"Mmechelewa," alisema. "Nimemtanguliza yeye. Yeye anaijua njia."

Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao.
Akanitazama kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.
"Wewe u wa nani?"

Sikupata jibu lisilomdhuru.
Akavua glavu, akalishika sikio langu la kushoto
kwa vidole viwili, kama alivyoshika masikio ya ndama elfu,
akipapasa mkato, pengo, alama ya ukoo.
Kidole gumba kikafika kwenye ndewe,
tundu nililojitoboa kwa sindano ya kushonea viatu
nikiwa na miaka kumi na mitatu,
siku ambayo alikataa kusema nami mpaka usiku.
Kikasimama hapo. Kikazunguka. Kikarudi.

"Wa kwetu," akasema.
"Ila aliyekukata hapa hakuwa fundi."